Mahindi Meupe, Jibu Baya: Maabara Huionaje Sumukuvu?

Mkulima amevuna, amekausha, amepukuchua na kujaza magunia yake. Mahindi ni meupe, hayana wadudu wala harufu. Mnunuzi anachota kidogo, anapeleka kupima, na baada ya siku chache anarudi na karatasi yenye namba moja tu: 38. Anasema hanunui. Mkulima anauliza, hiyo 38 ni nini? Anajibiwa kwamba ni sumukuvu, na kwamba mwisho unaoruhusiwa ni 10. Mkulima anayatazama tena mahindi yake, anatafuna punje mbili tatu, haoni kitu. Anaondoka akiamini kwamba ameonewa.

Wameonaje wao kile nisichokiona mimi? Hili ni swali la haki, nalo lijibiwe vizuri, maana mtu asiyeelewa jibu la maabara ataishia kuyala mahindi yale yale nyumbani kwake, au kumwuzia jirani. Kwa hiyo safari hii tutaingia maabara. Tutaangalia kipimo kiitwacho kromatografia ya kimiminika, ambacho ni miongoni mwa vipimo vinavyotegemewa zaidi duniani katika kupima sumukuvu. Jina ni refu, lakini kazi yake yaweza kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kuona wino ukisambaa kwenye karatasi iliyoloa.

Sumu yenyewe

Sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, hutengenezwa na ukungu wa rangi ya kijani na manjano. Ukungu huo unapenda hasa mahindi na karanga. Huanza huko huko shambani mmea unapopigwa na ukame, kisha huendelea nyumbani kama mazao yamewekwa na unyevu. Ukungu wenyewe waweza kufutika au kufa, lakini sumu iliyokwisha kuachwa ndani ya punje inabaki. Haina rangi ya kuonekana kwa macho katika chakula, haina harufu, haina ladha. Moto wa jikoni hauiwezi pia, maana huanza kuvunjika sawasawa kwenye joto linalozidi nyuzi 200, na ugali wetu haufiki huko.

Kinachoshambuliwa ni ini. Aliyekula sumu nyingi kwa muda mfupi hutapika, tumbo humwuma, macho na ngozi hugeuka manjano, miguu huvimba na tumbo hujaa maji. Akizidiwa hutokwa damu na kupoteza fahamu. Hakuna dawa ya kuifuta sumu hii mwilini. Sisi wa wodini tunamwekea maji, tunatunza sukari ya damu, tunazuia damu isitoke, na kulipa ini nafasi ya kujitetea, basi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi haoni dalili yoyote, ila anajiwekea akiba ya saratani ya ini. Na kama mtu huyo ana virusi vya homa ya ini B, hatari yake inazidishwa sana. Shirika la Afya Duniani linasema sumukuvu huweza kuwa na nguvu hadi mara 30 zaidi kwa mtu wa namna hiyo.

Si maneno ya vitabuni. Mwaka 1981, huko Machakos nchini Kenya, wagonjwa 20 walilazwa na 12 wakafa. Mwaka 2004 balaa lilirudi kwa ukubwa katika Makueni, Kitui na jirani zake: watu 317 waliugua na 125 wakafa. Hapa Tanzania, mwaka 2016, zaidi ya watu 60 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kama Chemba, Kondoa na Kiteto, na wapatao 20 wakapoteza maisha. Mwanzoni ulitajwa tu kuwa ugonjwa usiojulikana. Ugonjwa unaopiga nyumba moja na kuiruka ya pili huwafanya watu watafute mchawi, kumbe nyumba mbili hizo zilikuwa na mahindi tofauti.

Tupime udogo wake

Namba ile 10 maana yake ni sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, yaani mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi. Ndicho kiwango cha Afrika Mashariki kwa sumukuvu zote kwa jumla, na kwa ile kali kuliko zote, iitwayo B1, mwisho ni 5. Hebu tuilete namba hii jikoni. Gunia la kilo 100 linaruhusiwa kuwa na miligramu 1 tu ya sumukuvu. Kidonge kimoja cha paracetamol mnachokijua wote kina miligramu 500 za dawa. Kwa hiyo sumukuvu ya uzito huo ingetosha kufikisha magunia 500 ukomo wake. Punje moja ya mahindi ina uzito wa miligramu 300 hivi. Basi kinachotafutwa ndani ya gunia zima ni kitu chenye uzito wa sehemu moja ya mia tatu ya punje moja, nacho kimesambaa humo ndani.

Mwaka 2004 kule Kenya, mahindi ya baadhi ya familia yalikutwa na kiasi cha hadi 4,400. Mtu anayekula nusu kilo ya mahindi ya namna hiyo kwa siku anaingiza mwilini zaidi ya miligramu 2 za sumu kila siku. Bado ni kitu kidogo kuliko chembe ya chumvi ya mawe. Ndiyo sababu kutafuna punje na kutikisa kichwa si kipimo.

Mtu wa majani na chaki

Njia ya kuona vitu vidogo hivi ilianza kwa mtu ambaye hakuwa akitafuta sumu yoyote. Mikhail Tsvet alikuwa mtaalamu Mrusi wa mimea. Mwaka 1903, mjini Warsaw, alieleza mbele ya wenzake jinsi ya kutenganisha rangi zilizomo ndani ya majani. Sote tunaona jani ni kijani. Tsvet alisaga majani, akayeyusha rangi yake katika mafuta mepesi, akaimimina juu ya bomba la kioo lililoshindiliwa unga kama wa chaki. Kisha akaendelea kumimina mafuta safi juu yake. Rangi ile moja ikaanza kuachana ikishuka: pete ya kijani, nyingine ya kijani tofauti, na pete za manjano. Kila moja ilishuka kwa mwendo wake. Mwaka 1906 aliiita kazi hiyo kromatografia, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuandika kwa rangi. Jina lake mwenyewe, Tsvet, kwa Kirusi ni "rangi", jambo ambalo huwa linanifurahisha.

Mwalimu wa shule ya msingi aweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila gharama. Chukua kipande kirefu cha chaki nyeupe. Chora alama nene kwa kalamu nyeusi ya wino wa maji, sentimita 2 kutoka chini. Kisimamishe kwenye sahani yenye maji kidogo, alama isizame. Maji yatapanda ndani ya chaki, na ule wino mweusi utaanza kupanda ukigawanyika, mara nyingi bluu ikienda mbali kuliko nyekundu au manjano. Weusi ule ulikuwa rangi kadhaa zilizochanganywa. Kila rangi inavutwa na maji upande mmja na kushikwa na chaki upande mwingine, na kila moja ina mapatano yake na wavutaji hao wawili.

Baada ya Tsvet, kazi yake ililala kwa miaka mingi. Mwaka 1941 Waingereza wawili, Archer Martin na Richard Synge, waliifungulia mlango mpya, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1952. Katika miaka ya 1960 Csaba Horváth, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alikuwa miongoni mwa walioweka pampu yenye nguvu katika kazi hii. Kile kilichochukua saa nzima au siku kikawa cha dakika chache.

Kwa nini B na G?

Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 katika muda mfupi, na chanzo hakikujulikana. Walifuatilia chakula cha kuku, wakafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Wataalamu wakayakamua mashudu hayo na kutandaza kile kilichotoka juu ya karatasi na vibao, kwa njia ile ile ya Tsvet. Walipomulika kwa taa ya urujuanimno, ile inayotoa mwanga usioonekana kwa macho, madoa yakang'aa: mengine bluu, mengine kijani.

Majina yakatoka hapo hapo. Ya bluu yakaitwa B na ya kijani yakaitwa G, kwa herufi za kwanza za rangi hizo kwa Kiingereza, na namba 1 na 2 zikafuata nafasi ya doa kwenye kibao. Kwa hiyo unaposikia B1, B2, G1 na G2, unasikia madoa manne yalivyojipanga mbele ya macho ya watu waliokuwa wakitafuta kilichoua bata. Baadaye ikapatikana nyingine katika maziwa ya ng'ombe waliolishwa chakula kibovu, ikaitwa M1. Hiyo tutairudia.

Siku hizi mashine inafanyaje

Mahindi yakifika maabara husagwa yote kuwa unga laini. Kiasi kilichopimwa huchanganywa na methanoli na maji, kikatikiswa, ili sumu itoke kwenye unga na kuingia kwenye maji hayo. Yanachujwa. Lakini pamoja na sumu hutoka pia mafuta, sukari na rangi za mahindi, ambazo zingeichanganya mashine. Hapo hutumika kijibomba chenye kingamwili, ndugu za zile zinazotulinda baada ya chanjo, zilizotengenezwa ili zishike sumukuvu peke yake. Mchanganyiko unapitishwa, sumu inanaswa, uchafu unasukumwa nje kwa maji. Kisha methanoli kidogo inaiachilia sumu iingie kwenye kichupa kisafi.

Tone dogo la kichupa hicho ndilo linaloingia kwenye mashine. Moyo wa mashine ni bomba fupi la chuma, urefu wa sentimita 15 hadi 25, na tundu lake ni jembamba kuliko kalamu ya risasi. Ndani limeshindiliwa chembe za silika, kitu cha jamii ya mchanga, ndogo kiasi kwamba ukizipanga 200 mstari mmoja unapata milimita 1. Kila chembe imevikwa kama nywele za mafuta. Kwa kuwa njia ni finyu hivyo, kimiminika hakipiti bila kusukumwa. Pampu inasukuma kwa nguvu inayoweza kuwa mara 50 hadi 200 ya upepo wa tairi la gari dogo.

Sasa fikiri watu wanne wanaoingia mnadani kwa pamoja na kutakiwa kutokea upande wa pili. Mmoja ana haraka na hana rafiki pale, anapita moja kwa moja. Wa pili anasalimia kila anayemjua. Wa tatu anasimama kwenye nyama choma. Wa nne ana madeni ya kudai kila banda. Waliingia pamoja, lakini ukikaa mlango wa kutokea ukawa na saa mkononi utawaona wakitoka mmoja mmoja, na ukizijua tabia zao utamtaja kila mmoja kabla hujamwona uso. Kimiminika ndicho kinachowasukuma mbele, na zile nywele za mafuta ndizo mabanda ya kuwashika. Katika bomba la aina hii sumukuvu hutoka kwa utaratibu huu: G2, kisha G1, kisha B2, na mwisho B1, iliyo kali kuliko zote, kwa kuwa hiyo hushikwa zaidi.

Mlangoni kuna taa na jicho la umeme. Taa inamulika kwa urujuanimno, na sumu ikipita inang'aa, kama ilivyong'aa kwenye vibao vya zamani. Kwa kuwa B1 na G1 hung'aa kwa unyonge zikiwa ndani ya maji, huongezewa nguvu kwanza kwa kemikali au kwa mwanga mkali. Kompyuta inachora mstari. Hakuna kitu, mstari unalala. Sumu inapita, mstari unapanda kama kilima na kushuka. Muda wa kilima kutokea unasema ni nani aliyepita, na ukubwa wa kilima unasema amepita kwa wingi gani.

Lakini mashine haijui kusema 38 kwa yenyewe. Kabla ya mahindi ya mtu, fundi hupitisha sumukuvu safi ya kipimo kinachojulikana, ndogo, ya kati na kubwa, apate vilima vya kulinganishia. Hupitisha pia mahindi yasiyo na sumu ili ajue mashine haina masalio ya jana, na mahindi safi aliyoyatia sumu mwenyewe kwa kipimo, aone kama anaipata yote au nyingine imepotea njiani. Maabara isiyofanya hivyo haina jibu la kumpa mtu, hata kama mashine yake ni mpya na inang'aa. Ukiwa mfanyabiashara, uliza jambo hili bila aibu.

Ziko pia mashine zinazounganisha bomba hili na mizani ya kupima uzito wa molekuli zenyewe. Hizo zaweza kupima sumu nyingi za ukungu kwa mara moja, na ni vigumu kudanganyika, lakini bei yake ni ya kutisha.

Vipi kuhusu vipimo vya haraka? Vile vya utepe, vinavyofanana na kipimo cha malaria tunachotumia zahanati, ni vizuri kwa mlangoni pa ghala. Vinatoa jibu kwa dakika chache, na shehena mbaya inazuiwa isiingie. Kukiwa na ubishi, kromatografia ndiyo iamue. Ila taa za urujuanimno peke yake, zile za kumulika gunia na kutafuta mng'ao wa kijani-manjano, mimi siziamini. Mng'ao ule hutokana na kitu kingine ambacho ukungu ule ule hutengeneza. Waweza kuuona pasipo na sumu, na waweza usiuone mahali sumu ipo.

Bambo ndilo linaloamua

Hapa sasa ndipo ninapotaka msomaji akae vizuri, maana ugomvi mwingi wa mkulima na mnunuzi hautoki kwenye mashine. Unatoka kwenye bambo.

Sumukuvu haienei sawasawa ndani ya gunia kama chumvi ndani ya mchuzi. Hukaa kwenye punje chache, na punje hizo zaweza kubeba sumu nyingi ajabu wakati jirani zake ni safi kabisa. Tufanye hesabu ya mfano. Gunia la kilo 100 lina punje 300,000 na zaidi. Tuseme punje 10 tu kati ya hizo ni mbaya, na kila moja ina sehemu moja ya kumi ya miligramu. Jumla ni miligramu 1, yaani gunia limefikia 10, ukomo kamili. Sasa gawa gunia hilo katika mafungu 100 ya kilo moja moja. Punje mbaya ni 10, kwa hiyo mafungu yasiyopungua 90 hayana hata punje moja mbaya. Ukipima fungu mojawapo kati ya hayo, maabara bora kuliko zote itaandika sifuri, na itakuwa imesema kweli. Ukibahatika vibaya ukachukua fungu lenye punje moja, jibu litakuwa 100, na hapo pia maabara imesema kweli. Gunia ni lile lile.

Kwa hiyo mkulima mwenye 38 na mnunuzi mwenye karatasi wanaweza wote wawili kuwa hawana hila. Thomas Whitaker, mtaalamu wa Marekani aliyetumia miaka mingi katika jambo hili, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya makosa katika kupima sumukuvu hutokea wakati wa kuchota, si katika mashine. Ndiyo maana kanuni za Ulaya kwa shehena kubwa za nafaka zimetaka machota 100 kutoka sehemu mbalimbali, yakusanywe yafikie kilo 10, ndipo zianze habari za maabara. Konzi moja la juu ya gunia la kwanza ni bahati nasibu.

Jambo hili si dogo hata kwa mataifa. Mnamo Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ilifungua tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba mzigo hauzidi 10. Malori yalisimama kwa ajili ya namba. Tangu hapo kila mfanyabiashara wa mpakani anaijua namba hiyo, ila wanaojua jinsi inavyopatikana ni wachache.

Damu na maziwa

Mashine hii haipimi chakula tu. Sumukuvu ikifika mwilini, sehemu yake hushikamana na protini ya damu na kukaa nayo kwa majuma kadhaa. Katika mlipuko wa Kenya wa mwaka 2004 wachunguzi walipima damu ya wagonjwa na ya majirani wazima, na waliougua walikuwa na alama nyingi zaidi za sumu hiyo. Hivyo mtu aweza kuwa amekwisha kumaliza mahindi yake yote, na damu bado ikatoa ushahidi.

Sasa ile M1. Ng'ombe akila pumba au mashudu yenye sumukuvu, ndani ya siku moja au mbili M1 huonekana kwenye maziwa. Mama anayenyonyesha naye ni hivyo hivyo. Akina mama, tafadhali msinielewe vibaya: hakuna anayesema mtoto aachishwe ziwa. M1 ina nguvu ndogo ya kuleta saratani, inakadiriwa sehemu moja ya kumi ya B1. Tena mtoto akianza uji wa mahindi na karanga, huila sumu yenyewe moja kwa moja na kwa kiasi kikubwa zaidi. Nyonyesha, na chakula chako wewe mama kichaguliwe. Mtoto apate chanjo ya homa ya ini B katika ratiba yake ya kliniki, maana hiyo inamwondolea yule mshirika mbaya wa sumukuvu.

Yaliyo mikononi mwa nyumba

Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa au kubadilika rangi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu. Kuzichambua kwa mkono kabla ya kusaga ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote. Kukoboa pia hupunguza, kwa sababu sumu nyingi iko upande wa nje na kwenye kiini. Wapenda dona, nami ni mmoja wao, wachambue kwa bidii zaidi, wala wasiache dona kwa hofu.

Mahindi yakaushwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna mashine ya unyevu, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka vizuri, tikisa dakika moja na kuacha kama robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu bado ni mwingi, umezidi asilimia 15 hivi. Isipoganda usishangilie mno, anika siku moja au mbili tena. Mifuko isiyopitisha hewa inasaidia sana, lakini mahindi mabichi hayafai kufungiwa humo. Iko pia Aflasafe, kuvu wasio na sumu wanaomwagwa shambani ili wanyang'anye nafasi wale wenye sumu. Bwana shamba atakueleza.

Na mahindi yaliyokwisha kukataliwa? Yasiende kwenye pombe, maana kuchachusha hakuimalizi sumu. Yasiende kwa ng'ombe wa maziwa, maana yatakurudia kwenye kikombe, wala kwa kuku na bata, ambao wenyewe huathirika. Najua ni vigumu kumwambia mtu mwenye njaa atupe chakula. Kwanza aombe kipimo kirudiwe kwa sampuli iliyochukuliwa vizuri, kwa sababu kama hesabu yetu ilivyoonyesha, jibu la konzi moja halitoshi kuhukumu gunia, liwe baya au zuri. Hapa Tanzania usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na ofisi za kilimo za wilaya huweza kumwelekeza mtu pa kwenda.

Anayepeleka sampuli afanye hivi. Achome bambo katika kila gunia, juu, katikati na chini, na kwa magunia mengi achague yale yaliyo ndani ya rundo pia, si ya mlangoni tu. Amwage yote juu ya turubai safi, achanganye kwa koleo, agawe mafungu manne, atoe mawili yanayokabiliana, achanganye tena yaliyobaki, mpaka apate kilo 5 hivi. Aiombe maabara isage zote kabla ya kupima kidogo, si kuchota kikombe na kusaga hicho. Mfuko uwe wa karatasi ngumu au kitambaa, si wa nailoni, maana nailoni hufungia jasho la mahindi na ukungu utaendelea kufanya kazi yake njiani. Juu yake aandike tarehe ya kuvuna, kijiji, na idadi ya magunia yaliyochotwa, kisha upelekwe siku hiyo hiyo au kesho yake.